Kitabu cha Bwana Kutu

Askari walipomuuliza Mzee Isidori kama ana silaha ndani ya nyumba, alijibu kwamba silaha hana, ana bunduki ya marehemu baba yake. Kisha akaingia ndani, akaishusha kutoka darini, akaifungua kwenye ngozi ya pongo aliyokuwa ameiviringishia, akawapa waishike. Hakuona sababu ya kuficha kitu ambacho kijiji kizima kilikijua. Kila mwaka baada ya kurina asali alikaa nayo kivulini mchana kutwa, akiipaka nta kuanzia mdomo wa mtutu mpaka kwenye kitako, na wapita njia walimtania kwamba anamwogesha mke mdogo.

Askari mmoja akalivuta lile komeo la chuma la nyuma. Likateleza bila kelele. Askari wakatazamana, na Mzee Isidori akafurahi kuona wameipenda.

Mwaka ule wa 1997 barabara ya Inyonga ilikuwa imechafuka. Watu wenye bunduki walilisimamisha basi porini, wakampiga risasi kondakta, wakawavua abiria hata viatu. Wengine walisema ni majambazi waliovuka ziwa, wengine walisema ni watoto wetu wenyewe. Polisi na mgambo wakawa wanapita kijiji kwa kijiji. Kabla yao lilikuwa limepita gari lenye kipaza sauti, likitangaza kwamba kila mwenye gobore au bunduki isiyo na kibali airudishe serikalini. Mzee Isidori alilisikia tangazo hilo vizuri kabisa, akiwa anachonga mzinga, na halikumgusa. Gobore ni la kuwindia. Yeye alikuwa mtu wa nyuki.

Binti yake Theopista alizipata habari akiwa Mpanda mjini, kwenye baraza ya duka alikokuwa ameweka cherehani yake, akishona sare za shule. Utingo wa basi la Inyonga alimwinamia sikioni.

"Dada, baba yako wamemleta mahabusu. Kakamatwa na bunduki."

Theopista alicheka. "Baba yangu? Na bunduki gani?"

Halafu akasimamisha cherehani, kwa sababu alijua ni ipi.

Babu yake, Mabula, alikuwa askari wa Mjerumani. Wabelgiji walipovuka ziwa wakati wa vita ile ya kwanza, kikosi chake kilitawanyika, na Mzungu wake akafa kwa homa mahali fulani katikati ya Karema na Tabora. Mabula alitembea kwa miguu mpaka kwao Inyonga, mkono mmoja umepooza, bunduki begani, risasi hana hata moja. Tangu siku hiyo haikulia tena. Lakini alikula kiapo siku alipoipokea, na kwake kiapo hakikuisha kwa sababu wakubwa wamekimbia. Alipokaribia kufa alimwita Isidori akamwambia: "Hii si yetu. Wenyewe wakija kuidai, uwape ikiwa kama walivyoniachia." Isidori alikuwa kijana bado. Aliyachukua maneno hayo kama wengine wanavyoachiwa shamba.

Wenyewe hawakuja. Wakaja Waingereza, uhuru ukaja, vijiji vya ujamaa vikaja, watu wakahamishwa na nyumba zao zikaachwa zianguke. Bunduki ilihama pamoja na mizinga.

Theopista alimkuta baba yake kwenye uzio wa mahabusu, amevaa koti lake la kanisani. Hakuwa na wasiwasi. Alimwita Mayu, yaani mama kwa lugha ya kwao, kama alivyomwita tangu utotoni.

"Mayu, umekuja. Waambie hawa vijana wasiiweke mahali penye unyevu."

"Baba, mbona hukuirudisha walipotangaza?"

"Nimrudishie nani? Serikali ndiyo iliyompa babu yako?"

Theopista alimpa ugali na dagaa alivyokuwa amevifunga kwenye kitambaa, akamtazama akila taratibu, kama mtu aliyekuja mjini kutembea tu na kesho anarudi.

Siku ya kesi ukumbi ulijaa, maana watu walisikia limekamatwa jambazi. Walipomwona aliyepandishwa kizimbani wakaanza kunong'ona. Mwendesha mashtaka, inspekta mwembamba mwenye sauti ya upole, alieleza kwamba mtaalamu wa silaha ameichunguza bunduki na kuikuta kamili, haina kasoro. Kibali hakuna. Hakimu, mtu wa makamo aliyevaa miwani mizito, alimgeukia mzee.

"Mzee Isidori, una la kusema?"

"Ni ya marehemu baba, mheshimiwa. Haina risasi. Risasi zake hazipo duniani."

"Unajuaje hazipo duniani?"

"Kuna kitabu. Mzungu alinionyesha. Bunduki hii imo humo, imepigwa picha, na alama zake zote. Kimeandikwa kwa ajili ya watu wanaokusanya bunduki za kale za vita. Bunduki za kale, mheshimiwa, siyo hizi za kuulia."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Alivua miwani akaifuta.

"Sikiliza, mzee. Mahakama haiwezi kuandika kwamba kitu ni cha kale kwa sababu mwenye nacho amesema. Kama kuna maandishi ya mtu anayejua, yanayosema kitu hiki ni cha kale na hakiwezi tena kutumika, nitayasikiliza. Kitabu hicho kiko wapi?"

Mzee Isidori alimtafuta binti yake kwa macho katikati ya watu. Kesi ikaahirishwa.

Kitabu hicho Theopista alikikumbuka. Miaka minne nyuma alikuja Mzungu mmoja mrefu, mwenye ndevu za rangi ya matofali, akitafuta mabaki ya ile vita. Alipita mpaka Inyonga akiuliza vyuma vikuukuu, na watoto wakambatiza Bwana Kutu. Alifikia kambi ya wawindaji wa kitalii, na mpishi wa kambi ndiye aliyekuwa mkalimani wake, Mrundi aliyeitwa Callixte. Theopista alikuwa nyumbani kwa wazazi wake wiki ile, amekwenda kujifungua. Alimwona baba yake akiitoa bunduki mbio kwa mikono miwili na kumnyooshea yule Mzungu, akiamini kwamba wenyewe wamekuja. Bwana Kutu alikaa chini vumbini, akafungua kitabu kinene cha jalada la kijani, akawa anatazama chuma, anatazama kitabu, mpaka machozi yakamlengalenga. Callixte alipofafanua kwamba huyu siye mwenyewe, ni mkusanyaji tu, anataka kuinunua, baba yake aliivuta bunduki akaikumbatia.

"Kama siye mwenyewe, siwezi kumuuzia mali ya watu," alisema, na neno lake likawa hilo hilo.

Jioni ya siku ile kesi ilipoahirishwa, mumewe Theopista, Telesphor, alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mpakiaji mizigo stesheni na mgongo ulikuwa unamuuma.

"Mzee kakubali mwenyewe kwamba alikuwa nayo," alisema. "Na kila mtu anaona ni ya zamani, hilo hakuna anayelibishia. Kitabu kitaongeza nini?"

"Hakimu amesema atakisikiliza."

"Na huyo Mzungu utampata wapi?"

"Simtafuti Mzungu. Namtafuta mpishi."

Aliulizia kwa watu wa kambi wanaokuja sokoni kununua mchele. Mmoja akamwambia Callixte aliacha kazi zamani, yuko ziwani Kapalamsenga na mke wake, anakausha samaki. Na kitabu? "Yule Mzungu alimwachia. Alikuwa anakibeba kila mahali kama Biblia."

Basi Theopista akawaacha watoto kwa jirani, akapanda lori la wachuuzi wa samaki lililokuwa linashuka ziwani na makreti ya soda. Alikaa juu ya makreti pamoja na akina mama wengine, wakiinamisha vichwa kila tawi lilipopita. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Kongo. Mwanamke mmoja alisema redioni wametangaza mvua za mwaka huo zitakuwa za ajabu, mvua za Elnino, na wengine wakamcheka kwa hilo jina.

Alimkuta Callixte nje ya nyumba yake, anageuza migebuka juu ya kichanja cha moshi. Alikuwa amezeeka kuliko miaka yake. Mke wake, Thacienne, alimletea mgeni kigoda na maji ya kunywa, akakaa pembeni kusikiliza.

Theopista alipomaliza kueleza, Callixte aliingia ndani, akatoka na mfuko wa nailoni uliofungwa kwa kamba. Ndani ya mfuko mna kanga, ndani ya kanga mna kitabu. Kilikuwa kisafi kama siku ile.

"Bwana Kutu aliniahidi," alisema, "kwamba atakitoa upya. Kutakuwa na ukurasa wa bunduki za huku kwetu, na chini yake ataandika jina langu, kwamba ndiye aliyemwongoza. Namngojea aniletee."

"Callixte," Thacienne akaingilia. "Usimpe."

"Ni baba yake, mke wangu."

"Najua ni baba yake. Na mimi nilikuwa na baba." Alimgeukia Theopista, na sauti yake haikuwa ya ubaya. "Mama, nisamehe. Sisi ni wakimbizi wa kambi ya Mishamo. Kibali cha kukaa huku hatuna. Kitabu hiki kikifika mahakamani utaulizwa kimetoka wapi, na polisi watafika hapa. Kitabu cha bunduki, nyumbani kwa Mrundi, mwaka huu? Watatuelewa vipi?"

Theopista aliinamisha kichwa. Alijua mwanamke yule amesema kweli. Alijua pia kwamba hawezi kurudi Mpanda mikono mitupu.

"Sitawataja," alisema. "Hata wanifunge."

Callixte alifungua jalada. Kwenye ukurasa wa kwanza kulikuwa na mistari ya kalamu ya wino, mwandiko wa Bwana Kutu, na jina la Callixte katikati. Aliutazama kwa muda. Kisha akaushika kwenye mshono, akauchana polepole ili usichanike vibaya, akaukunja na kuutia mfuko wa shati.

"Sasa hakina mwenyewe," alisema.

Wakaitafuta picha pamoja. Kurasa kwa kurasa zilikuwa bunduki, za mataifa na mataifa, zimelazwa moja moja kama samaki kichanjani, na pembeni ya kila moja alama zake ndogo zimekuzwa: taji, herufi, namba, mwaka. Theopista hakujua Kiingereza, shule yake iliishia darasa la saba, lakini aliitambua ya babu yake kabla Callixte hajafika hapo. Lilikuwa komeo lile lile, na ule mkunjo wa kitako.

"Soma," alisema.

Callixte alisoma kwa kidole, akitafsiri. "Ilianza kutengenezwa... ni zamani sana, babu yako hajazaliwa. Jeshi la kwao waliiacha mapema, wakachukua mpya. Hizi za zamani wakawapa askari wa makoloni. Risasi yake ilikuwa nene, ya baruti nyeusi yenye moshi mwingi. Hapa wanasema... imepitwa na wakati."

"Rudia hapo."

"Imepitwa na wakati."

Lori lilipiga honi huko chini mwaloni, penye mitumbwi. Dereva alitaka kuondoka kabla mvua haijaanza. Callixte alikuwa ameshika kona ya ukurasa ili afunue upande wa pili, lakini Theopista alikwisha kusimama. Alichana kipande cha kitambaa kwenye upindo wa kitenge chake, akakiweka pale kwenye picha, akakifunga kitabu.

"Hapa panatosha," alisema. "Mungu awabariki nyie."

"Utakirudisha?" Callixte aliuliza.

"Nitakirudisha."

Mvua iliwakuta njiani, na haikuwa mvua ya kusubiri ipite chini ya mti. Mto uliokuwa mkavu wakati wa kushuka sasa ulikuwa unabeba magogo. Wakalala ng'ambo, siku ya pili vilevile, abiria wakala migebuka ya mzigo na dereva hakuwazuia. Kitabu alikilalia, amekifunga tumboni ndani ya mfuko wake wa nailoni, kama mwenye mimba. Walipoingia Mpanda ilikuwa asubuhi ya kesi yenyewe. Hakupita nyumbani. Hakukuwa na nafasi ya kumtafuta mwalimu wala mtu yeyote wa kumsomea zaidi. Alikwenda mahakamani na matope mpaka magotini.

Baba yake alikuwa amepungua. Koti la kanisani lilimning'inia. Lakini alipomwona binti yake anainuka na kitabu cha kijani mkononi, alinyoosha mgongo.

"Ndicho hicho!" alisema kwa sauti, na karani akamnyamazisha.

Hakimu alikipokea kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa. Alikifungua kwenye kile kipande cha kitambaa. Aliitazama picha, akaagiza bunduki iletwe, akailaza mezani kando ya kitabu. Alisoma ukurasa wote moyoni, midomo ikicheza, kisha akawasomea watu kwa Kiswahili: umri wake, askari wa makoloni, baruti nyeusi, kupitwa na wakati. Aliposema "kupitwa na wakati" Theopista alifumba macho.

"Inspekta," hakimu alisema, "hili si jambo dogo. Una la kusema?"

"Naomba nikione, mheshimiwa."

Yule inspekta mwembamba alikichukua kitabu, akasogea nacho dirishani penye mwanga. Alisoma alichosoma hakimu. Kisha akalamba kidole, akafunua upande wa pili.

Alisoma kwa muda mrefu. Theopista alimwona anarudia mahali fulani kwa kidole.

"Mheshimiwa," alisema hatimaye, "hiki ni kitabu cha wakusanyaji. Upande huu kinamweleza mkusanyaji aangalie nini. Kinasema kwanza aangalie namba. Kila kipande cha bunduki hii kiligongwa namba yake kiwandani. Zikifanana zote, basi ni kamili, haijabadilishwa kitu, na hiyo ndiyo inayotafutwa sana. Naomba tuangalie."

Wakaangalia pale mezani, hakimu akiinama na miwani yake. Mtutu. Komeo. Kipande cha chini cha triga. Bamba la kitako. Karani aliziandika tarakimu kwa tarakimu. Zilifanana zote.

Mzee Isidori kizimbani alikuwa anatabasamu. Theopista alitaka kumwashiria kwa mkono, asitabasamu, lakini mzee hakuwa anamtazama. Alikuwa anaitazama bunduki ya baba yake, na wasomi wawili waliokuwa wameiinamia.

"La pili, mheshimiwa," inspekta aliendelea kwa sauti ile ile ya upole. "Kinasema, nasoma: viwanda kadhaa bado vinatengeneza risasi za bunduki hii, kwa ajili ya wapenzi wa kulenga shabaha. Na kinasema aliye nayo katika hali nzuri anaweza kuifyatua bila hofu."

Hakimu alinyoosha mkono, akapewa kitabu, akasoma mwenyewe. Alisoma mara mbili. Kisha akakiweka chini.

"Naomba nimuulize mshtakiwa swali moja," inspekta alisema. Aliruhusiwa. Akamsogelea mzee karibu kabisa, kama mtoto anayemwuliza babu yake habari za zamani. "Mzee, umetuambia baba yako alikuachia uitunze mpaka wenyewe watakapokuja."

"Ndiyo, mwanangu."

"Kama wangekuja, wangeikuta inafanya kazi?"

Kulikuwa na nafasi hapo. Theopista aliikumbuka nafasi hiyo miaka yote: kitambo kidogo tu, ambapo baba yake angeweza kusema hajui, au imeoza, au yeye ni mtu wa nyuki.

"Wangeikuta kama walivyoiacha," Mzee Isidori alisema. "Ungekuwa nayo risasi hapo ungeona. Sikuizembea hata mwaka mmoja."

Watu ukumbini wakaguna. Hakimu aliandika. Alimuuliza Theopista kitabu amekipata wapi, naye akajibu kwamba amepewa na msamaria na hatamtaja. Hakimu alimtazama kidogo, akaacha. Kitabu kikabandikwa karatasi yenye namba, kikawa kielelezo cha upande wa mashtaka.

Hukumu ilisomwa wiki iliyofuata, mvua ikipiga bati kwa kishindo hata watu wa nyuma hawakusikia. Hakimu alisema mahakama inamwonea huruma mshtakiwa kwa umri wake na kwa kuwa hakumdhuru mtu. Alisema hata hivyo mshtakiwa mwenyewe amekiri kwamba ameitunza silaha ili iwe tayari kutumika, na kitabu alicholeta kinathibitisha. Miaka mitatu. Bunduki itaifishwe na kuteketezwa pamoja na magobore yaliyokusanywa.

Mzee hakuelewa mara moja. Alielewa alipoona wanaichukua bunduki kupitia mlango mwingine.

"Mnaipeleka wapi?" aliuliza. Akamgeukia Theopista. "Mtoto wangu, wanaipeleka wapi?"

Wiki chache alikuwa bado pale Mpanda, na Theopista alimpelekea chakula kila aliporuhusiwa. Mzee hakumlaumu. Siku moja tu, akiwa ameshika waya wa uzio, alimwambia, "Mayu, usinitafutie kitabu kingine." Theopista hakujua kama ni utani. Zamani angejua.

Kisha wakamhamishia Sumbawanga pamoja na wafungwa wengine, na nyuma yao barabara ikakatika. Wazee walisema mvua kama ile hawajawahi kuiona. Madaraja yalikwenda na maji, treni ilikwama, chumvi ikaadimika madukani. Theopista alishona na kusikiliza redio, akingoja kusikia kwamba njia imefunguka. Telesphor alimwambia avumilie, baba yake ni mtu wa porini, baridi ya huko Ufipa haitamshinda. Alimwambia hivyo kila siku, mpaka siku moja akaacha kusema.

Njia ilifunguka mwezi wa nne. Alisafiri na sweta la sufu alilokuwa amelifuma mwenyewe, na chupa ya asali. Askari wa zamu alipekua daftari lake, akamwomba akae kwenye benchi, na namna alivyomwomba ilimtosha. Mzee Isidori alifariki mwezi wa kwanza, homa ya mapafu. Daktari alimtibu lakini kifua kilikuwa kimeshajaa. Simu ya upepo ilipelekwa Mpanda, ila siku zile nani aliyekuwa anapata ujumbe? Walimzika. Askari mwenyewe alimpeleka makaburini, akamwonyesha. Kulikuwa na makaburi kadhaa ya wakati mmoja na nyasi zilikwisha kuyafunika yote sawasawa. Askari alisita kati ya mawili, halafu akaonyesha moja.

Theopista alipiga magoti kwenye hilo. Sweta alimpa yule askari, maana hakuona pa kulipeleka.

Ilikuwa karibu na mavuno, jua limerudi na vumbi limerudi, alipoinua macho kutoka kwenye cherehani akamwona Callixte amesimama mbele ya baraza. Alivaa shati lililopigwa pasi. Mkononi alikuwa na migebuka mikavu imefungwa kwa kamba.

"Dada Theopista. Nimekuja na lori la samaki, linarudi sasa hivi. Nilisema nikusalimu." Alimkabidhi samaki. Alitazama huku na huku kuona kama kuna anayesikiliza, akapunguza sauti. "Polisi hawakuja. Thacienne anakushukuru sana."

"Mungu mkubwa," Theopista alisema.

"Na mzee? Kitabu kilisaidia? Alitoka?"

Theopista alikuwa na kola ya shati la mtoto wa shule mikononi, upande mmoja umeshonwa, mwingine bado. Alimtazama mtu yule, ambaye kitabu chake kilikuwa kwenye kabati la mahakama na karatasi yenye namba, ambaye Mzungu wake hatarudi, ambaye alikuwa ameuchana ukurasa wenye jina lake kwa ajili ya mtu aliyemwona mara moja tu.

"Alitoka," alisema. "Mwezi wa kwanza."

Callixte alipiga makofi mara moja, akacheka, akamshika bega. Alicheka mpaka muuza duka akachungulia. "Nilimwambia Thacienne! Nilimwambia, kitabu kile kina uzito wake, Wazungu hawaandiki kitu bure! Yuko Inyonga sasa?"

"Hayupo karibu."

"Yuko porini na nyuki zake. Msalimie sana. Mwambie Callixte anamsalimia." Honi ya lori ikalia sokoni. Alianza kuondoka, akarudi hatua moja, akiona aibu kuuliza. "Na kitabu, dada?"

"Bado kiko mahakamani. Wanakaa navyo muda mrefu."

"Haina neno. Wakikupa, mpe dereva yeyote wa samaki, mwambie ni cha Callixte, kitanifikia."

"Nitampa."

Akaondoka haraka akipunga mkono, akikwepa baiskeli na magunia ya mpunga. Theopista alimfuata kwa macho mpaka alipopanda juu ya lori na kukaa katikati ya matenga matupu. Kisha akaiweka kola chini ya sindano, akakanyaga, na mshono ukaenda upande.